Risala ya Wahitimu wa Mwaka 1998 kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kuwakumbuka Wenzetu Waliotangulia

Mgeni wetu wa heshima, Wakili, wakufunzi wetu wastaafu mliosafiri mpaka Kisumu licha ya magoti, wajane, wagane na watoto wa wenzetu, wahitimu wenzangu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Tulipokaa kikao cha kuchagua mgeni, yalitajwa majina ya wakubwa wawili watatu, mmoja wao akiwa wa gari lenye bendera. Mwenyekiti akauliza ni nani kati yao aliyefiwa na mtu wa darasa letu. Kimya. Ndipo jina lako likatajwa. Kwa hiyo leo tunamsomea risala mtu ambaye baadhi yetu tulimbeba mgongoni, na utatuvumilia tukiteleza mara moja moja tukakuita binti yetu.

Kwa wageni wasiotufahamu: tuliingia chuo cha ualimu mwaka 1996, tukamaliza 1998 na cheti cha P1, cha ualimu wa shule ya msingi, kile ambacho siku hizi kimeipisha stashahada. Darasani tulikuwa 42, kutoka Budalang'i, Mumias, Ahero, Cheptais na Kisii, na mmoja wa Nakuru ambaye hadi leo analalamika kwamba huku kwetu kila mlo ni samaki. Mwaka tuliomaliza ndio huo huo serikali iliacha kuwaajiri walimu moja kwa moja. Waliotutangulia walikuwa wakitoka chuoni wanapangiwa shule. Sisi tulitoka na vyeti, tukavipeleka nyumbani kwa mama vikawekwa kwenye sanduku. Tunalisema hili mapema kwa sababu linaingia katika vifo tutakavyovieleza. Mwalimu aliyeajiriwa na wazazi wa shule hulipwa karo ikilipwa, na akifa hakuna ofisi inayofungua faili.

Wenzetu 11 wamefariki. Tisa kati yao hawakufikisha miaka 40. Majina yote yako kwenye bango lile karibu na jukwaa, na mchungaji ameshayaombea. Katika risala hii tutawagusia wachache, na tutasema walikufa na nini, kwa kuwa mazishini mambo hayo husemwa nyuma ya hema. Kwa kila mmoja tumeomba ruhusa ya jamaa zake.

Wa kwanza alitutoka tukiwa bado chuoni, mwaka wa pili, akiwa katikati ya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Ukanda huu wa magharibi, pamoja na Pwani, una wagonjwa wengi wa selimundu kuliko kwingine nchini, na kiini chake ni malaria. Aliyerithi hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, basi imedumu huku kwetu vizazi na vizazi. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeteseka. Mwenzetu alijua kwamba maji baridi ya alfajiri yangemwamshia maumivu ya viungo, akaomba aoge mchana. Wapo waliouita uvivu. Mkufunzi wa zamu aliyempa ruhusa yuko hapa leo, mstari wa mbele, na tunamwomba asimame tumwone. Siku hizi mtoto akigunduliwa mapema hupewa penisilini miaka ya mwanzo, na ipo haidroksiyurea ya kupunguza yale maumivu. Sisi tulimpelekea uji na dawa ya kutuliza.

Watatu walikufa kwa ukimwi kati ya 2001 na 2005. Wakati ule tuliambiwa ni kifua, ni nimonia, ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na kwa mmoja wao ilisemekana amerogwa na mwalimu mwenzake aliyeutaka unaibu wa mwalimu mkuu. Rais Moi alikuwa ameshatangaza ukimwi kuwa janga la taifa, Novemba 1999, lakini tangazo halimezwi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mwaka 2006. Mwaka huo mwenzetu mwingine alipimwa pale Russia, maana hivyo ndivyo tunavyoiita hospitali ya rufaa ya hapa Kisumu hata baada ya kubadilishwa jina, akaanza vidonge, na leo ndiye aliyesimamia chai mliyokunywa asubuhi. Ametutuma tuseme hivyo. Kinachomtenganisha na wale watatu si tabia wala wingi wa maombi. Ni mwaka. Mmoja wa hao watatu, kwa wasiomkumbuka, ndiye aliyeweza kuiga sauti ya kila mkufunzi, na siku moja alisimama nyuma ya dirisha akatangaza mapumziko kwa sauti ya mkuu wa chuo. Darasa zima likatoka. Mkuu mwenyewe alikuwa nasi darasani.

Kuna aliyechukuliwa na mto Nzoia. Kuna aliyekufa ndani ya matatu kati ya Ahero na Awasi mwaka 2003, miezi michache kabla ya zile kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, za mikanda na vidhibiti mwendo kuanza kutekelezwa mwaka 2004. Mikanda ile tunailalamikia ikichafua shati. Mjane wake hailalamikii.

Sasa, Wakili, tumfikie mama yako.

Wengi wamekwambia kwamba alikuwa mpole na mcha Mungu. Mcha Mungu, sawa. Upole hatukumbuki sana. Tunachokumbuka ni biashara. Kila mwanachuo alihitaji vielelezo vya kufundishia, na wengi wetu hatukuweza kuchora hata kuku. Mama yako alichora. Alinunua karatasi za manila mjini, akachora mzunguko wa maji, jino na mizizi yake, ramani ya Kenya yenye mito yote, akatuuzia. Asiye na pesa alichorewa kwa mkopo, na mkopo ukaandikwa kwenye daftari lenye jalada la kijani. Wakitarajiwa wakaguzi wa mazoezi ya kufundisha, usiku wa kabla yake bweni la wasichana lilikuwa kiwanda. Wapo hapa ukumbini walimu wakuu, tena wawili, waliopasi kwa mkono wa mama yako. Wapo pia ambao jina lao lilikuwa bado kwenye daftari la kijani siku tunamzika, na mweka hazina wetu amewaandama tangu Januari.

Baada ya chuo alifundisha shule moja kama mwalimu wa wazazi, mshahara ukija mwezi huu, mwezi ujao hauji. Desemba 2002, wewe hujafikisha miaka minne, alijifungua mdogo wako salama. Kisha damu haikukata. Kutoka damu baada ya kujifungua ndicho chanzo kikuu cha vifo vya kina mama wanaojifungua, nusu lita tu yatosha kuitwa hatari, na mwanamke aweza kuimaliza akiba yake yote kabla gari halijapatikana. Kwake gari lilipatikana. Akafikishwa hospitali, na hospitali haikuwa na damu ya kundi lake. Jina lake hatulitaji, na hatuilaumu peke yake. Katika nchi hii wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa, benki za damu hukauka hata leo. Desemba shule zimefungwa. Kina mama walianza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma Juni 2013, lakini kufuta ada hakuleti chupa ya damu. Tumeshakubaliana na wakuu wa shule walio wanachama wetu kwamba kila mwisho wa muhula wa tatu, kabla ya kufunga, wanafunzi waliotimiza umri na wazazi watakaopenda wataalikwa kuchangia. Mwalimu aliyeogopa sindano tutamshika mkono. Hili halihitaji msaada wako, Wakili. Tunakuarifu tu, kwa sababu ni la mama yako.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo dogo. Mwenzetu anayefundisha Ahero alipokuwa akihama nyumba alikuta kielelezo kimoja cha mama yako, mmea wa maharagwe na mizizi yake, sehemu zote zimeandikwa kwa mkono wake kwa wino mwekundu. Kimeliwa na mende pembeni. Tumekitia fremu, na mdogo wako, ambaye tumemtoa gereji yake pale Kibuye kwa shida kubwa, atakukabidhi sasa.

(Makabidhiano.)

Tunaendelea. Mwenzetu wa mwisho katika risala hii alipata ajira mapema akajiunga na chama cha akiba na mikopo. Alikuwa kijana, hajaoa, na kwenye fomu ya kuteua mrithi aliandika jina la kaka yake. Lilikuwa jambo la adabu kabisa, maana kaka ndiye aliyemlipia karo. Akaoa. Akazaa watoto wanne, akanunua ploti, akachukua mikopo na kuilipa. Fomu ikabaki kwenye faili vile vile. Mwaka 2014 akafariki kwa saratani ya umio, akiwa na miaka 38, na akiba yote ikalipwa kwa kaka. Mjane alikwenda kwa chifu, akakaa na wazee wa ukoo, akafika mahakamani. Jibu alilopewa, Wakili, unalijua kuliko sisi. Sheria ya Vyama vya Ushirika inasema hisa na akiba za mwanachama aliyeteua mtu hupewa aliyeteuliwa. Haziingii katika mirathi. Chama kilifuata sheria. Kaka naye hakuiba chochote. Alimpa shemeji yake ng'ombe mmoja na mabati ya jikoni, akasema mengine ni fidia ya karo ya zamani. Binti mkubwa aliacha shule akiwa kidato cha tatu.

Tulipoanza kuulizana kikaoni, tuligundua kwamba mambo ya namna hiyo yamo karibu katika kila nyumba iliyofiwa. Tulichangisha pesa za mazishi vizuri, tena huku kwetu mazishi hatuyafanyii ubahili: hema, vyombo vya muziki, fahali, basi la waombolezaji kutoka Nakuru. Lakini mjane alipohitaji hati ya usimamizi wa mirathi, hakuna kamati iliyoundwa. Aende achukue cheti cha kifo. Aende kwa chifu apate barua inayotaja warithi wote, na hapo shemeji zake wanaanza kukohoa. Apeleke ombi mahakamani, tangazo litoke katika Gazeti Rasmi la Serikali, asubiri siku 30 kama kuna mpinzani. Apewe hati, asubiri miezi sita ithibitishwe ndipo mali igawanywe. Yote hayo kwa nauli yake, huku ana mtoto mgongoni na mwingine amefukuzwa karo. Mtu anayekufa na miaka 34 hakuandika wosia kwa sababu wosia ni wa wazee. Na maneno aliyosema kitandani, ambayo familia nzima inayashika kama Maandiko, sheria huyakubali pale tu yaliposemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, naye msemaji akafa ndani ya miezi mitatu. Mmoja wetu alisema yake mbele ya mkewe peke yake.

Ndiyo maana tulikuita wewe, na hayo ndiyo maombi yetu. Tunaomba uwe mlezi wa kikundi hiki. Tunaomba utuandikie kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili zisizidi, jinsi mjane anavyoanza na anakokwenda baada ya hapo, ili tuzibandike katika ofisi za walimu kote tunakofundisha. Tunaomba kesi za nyumba tatu ambazo faili zake zimekwama uzitazame, ada ya mahakama na nauli tutalipa kutoka mfuko wetu, ambao kila mwanachama huutilia shilingi 500 kwa mwezi. Ada yako mwenyewe tutakaa tuzungumze, na tutazungumza kama watu wanaouziana manila. Na yule binti aliyeachia kidato cha tatu sasa ni mama wa watoto wawili na anataka kurudi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Hilo tumelibeba wenyewe, ila angependa kukuona ana kwa ana. Amevaa kitenge cha buluu, meza ya tatu.

Mwisho, kwenye meza ya mlangoni kuna fomu za kuteua mrithi za vyama vyetu vyote, kalamu, na mhuri wa chama. Hakuna mwanachama atakayepewa chakula kabla ya kupitia meza hiyo na kuangalia jina aliloandika zamani. Tunakuomba usimamie zoezi hilo mwenyewe, uanze na mwenyekiti wetu. Fomu yake ina jina la marehemu mamake, tuliyemzika 2011.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wahitimu wa mwaka 1998
Kisumu