Breki zilichemka kabla ya kufeli

Mhariri,

Nimeendesha malori miaka 31, mingi nikishusha mbao za Mafinga kwenda Dar es Salaam. Sasa nimestaafu, nipo Makambako, nasoma gazeti lako kila linapofika (linafika saa nane mchana, lakini hiyo ni barua nyingine). Kuna sentensi mnayoirudia kila lori linapoanguka mteremkoni: "Chanzo cha ajali ni gari kufeli breki." Halafu habari inaishia hapo, kana kwamba breki ni mtu aliyeamua kugoma.

Kazi ya breki ni kubana ngoma na kugeuza mwendo kuwa joto. Basi. Joto hilo lazima liende mahali, na ngoma ni chuma tu, ina kiasi inachoweza kubeba. Ikipata moto sana inatanuka, inazikimbia zile bamba zinazoibana, na bamba zenyewe zikiungua zinateleza badala ya kushika.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita tulikaa barazani na daftari lake tukafanya hesabu. Lori la tani 50 pamoja na mzigo, likishuka kimo cha mita 100, yaani wima na si urefu wa barabara, mvutano wa ardhi unalipa nishati ya jouli milioni 49. Sikuelewa jouli ni kitu gani, nikamwambia anitafsirie kwa maji. Akapiga hesabu: inatosha kuchemsha karibu lita 150 za maji ya bomba mpaka yatokote. Ndoo saba na nusu za lita 20! Na kwenye mteremko wa Kitonga hushuki mita 100 tu; ukitoka Ilula mpaka ufike Ruaha Mbuyuni unashuka nyingi zaidi ya hizo. Joto lote hilo, ukitegemea mguu wako peke yake, linaingia kwenye zile ngoma.

Tulikwama kwenye neno moja. Yeye fizikia anasoma kwa Kiingereza, kamusi ikasema "mchapuko", yaani kasi kuzidi kuongezeka. Nikamwambia sisi tunasema gari linachanganya, akacheka, lakini ndiyo hiyo hiyo. Mteremko unaoshuka mita 7 kwa kila mita 100 za barabara, ukiliachia lori nyutro, yaani bila gia, linaongeza kama kilomita 2 kwa saa kila sekunde. Uliingia na 30. Nusu dakika baadaye unakaribia 90. Na lori tupu nalo linachanganya karibu sawa na lililojaa. Hili nilibishana naye sana. Akanionyesha kwamba Galileo, yule Mwitaliano, alichunguza mambo haya kwa kuviringisha gololi za shaba kwenye mfereji wa ubao uliolazwa mshazari, kwa sababu kitu kikidondoka wima kinawahi mno kupimika. Tofauti ya tupu na lililojaa inakuja pale unapotaka kusimama: tani nyingi, joto jingi. Kasi nayo ni mbaya zaidi, maana ukitoka 40 kwenda 80 joto la kusimamisha gari haliwi mara mbili, linakuwa mara nne.

Mzee aliyenifundisha, nilipokuwa utingo wake, hakujua jouli. Alikuwa anasimama juu ya mlima, anazunguka kugonga matairi, kisha anaingiza gia ileile ambayo angeitumia kuupanda. Tulishuka injini ikinguruma kama inataka kupasuka, mimi nimeshika kigingi cha kutega gurudumu mlangoni, mabasi yanatupita yanatupigia honi. Niliona aibu. Nilidhani mzee ni mwoga, kumbe injini ikiwa kwenye gia ile ndiyo iliyokuwa inalizuia gari, breki zisipate moto.

Nilipopewa gari langu nikawa nashuka na nyutro. Nisiwafiche sababu: tajiri alikuwa anatupimia dizeli, na iliyobaki tuliiuza. Siku moja jioni, nimejaza mbao, nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Nikakanyaga. Pedali ngumu kama kawaida, upepo wa breki kwenye geji umejaa, lakini gari halishiki. Nikajaribu kurudisha gia, ikasaga tu, haiingii kwa kasi ile. Nilichofanya ni kulibandika gari kwenye ukingo upande wa mlima, likajisugua mpaka likasimama, ubavu mzima wa trela umechanika. Ngoma zilikuwa nyekundu, gizani unaziona. Utingo alikuja na dumu la maji nikamkamata mkono, maana ngoma yenye moto ule ukiimwagia maji inapasuka.

Kesho yake nilimwambia tajiri breki zilifeli. Akakubali, hata hakuuliza nilikuwa gia namba ngapi.

Sikatai kwamba hozi hupasuka, na yapo magari yanayotembea breki hazijarekebishwa tangu mwaka juzi. Lakini hata hapo, malori mengi ya breki za upepo yana springi: upepo ukiisha, springi inabana magurudumu yenyewe. Gari linalokimbia huku upepo umejaa ni habari nyingine. Na vijana wanaoweka nyutro leo kwa ajili ya dizeli wajue kwamba injini hizi mpya, ukiwa ndani ya gia na umeachia mafuta, zinakata dizeli kabisa. Kwenye nyutro zinainywa ili zisizimike.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wenu akifika kwenye ajali ya mteremkoni, kabla ya kuandika sentensi ile amuulize fundi au askari wa usalama barabarani: gia ilikuwa namba ngapi? Mzigo tani ngapi? Na aende karibu na magurudumu anuse. Asiguse.

Dereva mstaafu,
Makambako