Maandalizi ya sala ya Alhamisi
Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Alhamisi tutatafakari Wimbo Ulio Bora 4:12 hadi 5:1, hivyo naomba kila mmoja ausome mapema, taratibu. Mtakatifu Teresa wa Ávila (1515–1582) alifundisha kwamba roho ni bustani ya Bwana na sala ni kuimwagilia: kwanza tunateka kisimani kwa ndoo, mikono ikituuma, kisha gurudumu la maji linatupunguzia kazi, halafu kijito kinailowesha ardhi, na hatimaye mvua ya Mungu inanyesha pasipo jasho letu. Wengi wetu, nionavyo, tungali kisimani, na siku nyingine ndoo hurudi tupu. Hata hapo, asema Teresa, Bwana huyatunza maua bila maji. Tafadhali msiache kuja kwa sababu ya ukavu huo.