Malalamiko kuhusu dawa ya wadudu isiyosema kilichomo ndani yake

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: DAWA YENU YA WADUDU WA BUSTANI, CHUPA YA MILILITA 500

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Mbolea yenu ya maji naitumia, mbegu zenu za maharage huota vizuri, sina neno nazo. Barua hii ni ya chupa moja tu, na nimeichelewesha makusudi mpaka hasira ziishe.

Bustani yangu si kubwa. Ni matuta manne nyuma ya nyumba: mawili ya nyanya, moja la maharage, moja la kabichi. Siuzi, tunakula wenyewe. Nasema hivi mapema ili msije mkanijibu kwa hesabu za ekari.

Wiki sita zilizopita maharage yaliingiwa na vidukari, wale weusi. Mwanzoni walikuwa kwenye ncha changa tu. Baada ya siku chache mashina yalikuwa yamevaa vidukari kama soksi, na sisimizi wakipanda na kushuka kufuata yale maji matamu yanayowatoka. Mwenye bustani anajua kasi yao: majike huzaa bila dume, na kinachozaliwa tayari kina mimba tumboni. Kwa kawaida nawaangusha kwa maji ya bomba na vidole, na wakikaidi nawapulizia maji ya sabuni jioni. Safari hii nilikuwa nauguza goti, kuinama kulikuwa adhabu, nikaona bora ninunue dawa nimalize.

Mbele ya chupa yenu pameandikwa kwa herufi kubwa: ASILIA. SALAMA. HUUA WADUDU WOTE WA BUSTANI. Kuna picha ya nyanya nyekundu yenye tone la maji. Nyuma kuna kipimo, mililita 10 kwa lita 5 za maji, rudia baada ya siku 7. Kuna onyo la kuweka mbali na watoto. Basi. Jina la sumu iliyomo halipo, wala kiasi chake, wala siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nilibandua hadi kile kibandiko cha namba ya bidhaa nikidhani kimefunika maandishi. Chini yake palikuwa na gundi.

Nilipiga dawa Jumamosi jioni, upepo umetulia na nyuki wamesharudi makwao. Nilipima kwa bomba la sindano, si kwa kukadiria na kifuniko. Asubuhi vidukari wengi walikuwa wamekufa, hilo siwanyimi. Lakini chini ya maharage, juu ya nyasi kavu nilizotandaza, niliokota mbawakawa 11, wale wadogo wekundu wenye madoa meusi, wamelala chali. Mmoja alikuwa bado anachezesha miguu. Pembeni yao kulikuwa na mabuu yao, yale meusi marefu yenye madoa ya rangi ya chungwa, ambayo watu wengi huyaponda wakidhani ni adui. Wale ndio waliokuwa wakinilia vidukari bila malipo. Siku ya 9 vidukari walikuwa wamerudi. Mbawakawa hawajarudi hadi leo ninapoandika.

Hilo peke yake lisingenifanya nishike kalamu. Dawa nyingi hazichagui, najua. Kilichonisukuma ni nyanya.

Majani ya chini ya nyanya yalikuwa yameanza kupata vidoadoa vya njano, kama yamedungwa sindano. Kwa kuwa chupa ilisema wadudu wote, nikazipulizia nazo. Baada ya siku 7 nikarudia kama mlivyoagiza. Vidoa vikapanda hadi majani ya katikati, mengine yakageuka rangi ya shaba na kukauka. Nikachuma jani moja, nikaligeuza dirishani na kulitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10 aliyoiacha mwanangu alipomaliza shule. Kulikuwa na nyuzi nyembamba sana zimetandwa kutoka mshipa hadi mshipa, na juu ya nyuzi hizo walikuwa wakitembea utitiri wekundu, bila haraka yoyote, kati ya mayai ya duara yanayong'aa kama vitone vya umande. Mmoja alisimama kidogo nikamhesabu miguu: minane.

Ndugu Meneja, mwenye miguu minane si mdudu kama kidukari alivyo mdudu. Utitiri ni jamaa wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu hazimwangushi, na mbaya zaidi, zipo zinazoua wanaomla zikamwachia shamba lote. Kukiwa na joto na ukavu, kizazi chake kimoja hukamilika kwa muda wa wiki moja hivi. Nanyi mlinielekeza nirudie kila baada ya siku 7. Nadhani tulikwenda sambamba, mimi na wao.

(Viwavi wa kabichi siwatwishi ninyi. Walikuwa wamejichimbia ndani ya moyo wa kabichi na hakuna dawa ya juu juu ingewafikia. Niliwatoa kwa mkono, goti likilia.)

Nikapiga simu ile iliyo chini ya chupa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu, na ninaomba asiadhibiwe kwa barua hii. Nilimweleza habari ya utitiri. Akanijibu, "Mama, hapo ongeza dozi. Weka mara mbili." Nikamuuliza mara mbili ya nini, ndani mna nini? Akasema, "Ni ya asili tu, mama, haina madhara." Nikamuuliza nikishapulizia nyanya nisubiri siku ngapi ndipo nile. Akaniomba nisubiri kwenye simu, ukapigwa muziki, kisha akarudi akasema nizioshe vizuri.

Nakiri kosa langu: nilimsikiliza. Nilipiga mara moja kwa dozi maradufu. Kesho yake kingo za majani machanga zilikuwa zimeungua, na utitiri walikuwa wanaendelea na safari zao.

Sasa nataka mfahamu jinsi nilivyotumia wiki zilizofuata. Kwa kuwa chupa haisemi, nimelazimika kuisoma dawa yenu kwa kutazama maiti. Mbawakawa walikufa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo sidhani kama ni mwarobaini. Mwarobaini hufanya kazi polepole, huwakatisha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kujivua ngozi. Si bakteria wale wanaotumika kwa viwavi, maana wale hawawadhuru vidukari. Si sabuni tupu, kwa sababu sabuni huua aliyeloweshwa tu, na ikishakauka imekwisha. Mimi niliokota sisimizi waliokufa hadi siku ya 3, kwenye mashina yaliyokuwa makavu kabisa. Inayoangusha haraka namna ile na kumpita utitiri inanielekeza kwenye pareto, au kwenye ndugu zake wa kiwandani.

Hapo ndipo penye tatizo langu lote. Pareto inayokamuliwa kwenye maua huvunjwavunjwa na jua kwa muda mfupi. Ndugu zake wa kiwandani wametengenezwa ili wakae siku nyingi, ndiyo sababu wakatengenezwa. Kama ni ya kwanza, nyanya zangu zilifaa kuliwa zamani. Kama ni ya pili, nilipaswa kusubiri idadi fulani ya siku, na idadi hiyo hutegemea ni ipi kati yao na mmeweka kiasi gani. Wale sisimizi wa siku ya 3 wananitia wasiwasi. Lakini sisimizi si maabara, na mimi si mkemia.

Nina mjukuu wa miaka minne. Hula nyanya akiwa amesimama tutani: anachuma, anaifuta kwenye fulana, anauma. Kwa wiki nne sasa nimefunga kamba kuzunguka matuta mawili na kumwambia nyanya zinaumwa. Zilizoiva nimezizika. Nimezika nyanya nzuri, Ndugu Meneja, zisizo na doa, kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana kwenye lebo.

Kuhusu neno "asilia", nikotini ya tumbaku nayo ni ya asili, na ni sumu kali. Kitu kutoka kwenye mmea hakimaanishi mtoto anaweza kukigusa. Na kuhusu neno "salama", Kanuni za Kimataifa za Usimamizi wa Viuatilifu (yaani dawa za kuua wadudu na visumbufu vingine vya mimea), zilizochapishwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2014, zinataka matangazo ya viuatilifu yasitumie neno kama hilo likiwa peke yake, bila maelezo kama vile "ikitumiwa kwa kufuata maelekezo". Ninyi mmeliandika peke yake, na nukta mmeweka.

Ushauri wa kuongeza dozi nao naomba muufute popote mlipouandika. Dawa isiyomuua mdudu kwa kipimo chake huwa na sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba dawa si yake au ameshaizoea. Nondo wa kabichi, yule mwenye mchoro wa almasi mgongoni, aligundulika kuhimili DDT, dawa ya wadudu ya kiwandani iliyovuma enzi hizo, huko kisiwani Java, Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo amezishinda dawa nyingi zilizofuata. Anayezidisha dozi huwaua walio dhaifu na kubaki na wale wagumu, ambao ndio watakaozaa. Kijana wenu wa simu angepaswa kuwa ameelezwa hili kabla ya kukabidhiwa simu.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza nijibuni kwa maandishi, ndani ya siku 14, chupa hii ina kiambato gani, kwa kiasi gani, na ni siku ngapi za kusubiri kwa nyanya, maharage na kabichi. Msiniambie ni siri ya biashara. Sikuulizi mnavyochanganya, nauliza jina la kinachoua. Nirudishieni fedha yangu, risiti ninayo na nakala nimeiambatisha pamoja na picha za lebo pande zote mbili na za lile jani. Nyanya sizidai fidia, zimeshaoza ardhini. Na chupa zilizoko madukani zibandikwe maelezo yanayokosekana, au ziondolewe hadi yapatikane. Mkiniambia hilo haliwezekani, nitapeleka barua hii hii kwa mamlaka inayosajili viuatilifu, nanyi mtawaeleza wao.

Utitiri nimewapunguza kwa kung'oa majani yaliyoathirika na kuyafungia kwenye mfuko, kisha kila asubuhi kuyapiga maji majani yaliyobaki, upande wa chini, ambako ndiko wanakokaa. Ni kazi ya kuinama, lakini angalau najua nilichoweka kwenye bomba.

Nusu ya dawa yenu bado ipo. Sijaimwaga mtaroni, na sitaimwaga, kwa kuwa sijui ni nini. Imekaa kwenye rafu ya juu kabisa, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na nimeandika juu yake kwa kalamu nzito: SUMU, JINA HALIJULIKANI. Naomba katika jibu lenu mnielekeze pia niirudishe wapi.

Wenu katika kusubiri jibu,

Mteja wa chupa yenye namba ya bidhaa iliyo kwenye picha ya pili