Barua kwa mwanangu: Usitazame bei peke yake

Mwanangu Idi,

Ujumbe wako nimeusoma, pamoja na lile jedwali la bei za silaha unaloandaa. Swali lako ni la haki kabisa: inakuwaje jeshi lenye wataalamu wote wale litungue droni ya dola 30,000 kwa kombora la dola milioni nne? Umeniuliza kama hao watu wanajua kuhesabu. Jibu lake lisingeenea kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia barua.

Bei ulizoziandika ziko sawa. Droni ya Shahed, iliyobuniwa Iran na ambayo Urusi sasa inaiunda yenyewe kwa wingi, hukadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000. Injini yake ya pistoni inanguruma kama pikipiki, na kichwani hubeba vilipuzi vya kilo 50 hivi. Kombora moja la Patriot, mfumo wa Marekani wa kujikinga na mashambulizi ya angani, la aina ya PAC-3 MSE ni kama dola milioni nne. Na kule Bahari ya Shamu, tangu mwishoni mwa 2023, meli za Marekani zilitungua droni za Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, kwa makombora ya kujikinga ya SM-2 yenye thamani ya dola milioni mbili hivi kila moja. Ukigawanya, lazima ucheke.

Lakini usicheke haraka. Kombora la kujikinga halipimwi kwa bei ya kile linachokitungua, linapimwa kwa kile linachokilinda. Manowari ya Marekani ya daraja la Arleigh Burke inagharimu zaidi ya dola bilioni mbili na ndani yake mna mabaharia zaidi ya 300. Nahodha akiona kitu kinamjia kwenye rada, hana muda wa kutafuta kikokotoo. Hata mimi, na ubahili wangu unaoujua, ningefyatua.

Balaa liko kwingine, mwanangu: liko ghalani. Nimefanya kazi ya ununuzi na ugavi maisha yangu yote, na kwetu sisi bei ni swali la pili. La kwanza ni mzigo utafika lini. Manowari ile ina mirija tisini na kitu ya makombora. Ikiisha, kwa kawaida meli haipakiwi upya katikati ya bahari, inabidi irudi bandarini. Sasa nenda kiwandani. Mwaka 2024 Lockheed Martin, kampuni inayoyaunda, ilitoa makombora ya PAC-3 MSE 500 tu, nazo zinagombewa na Marekani na nchi wateja kibao. Tena kombora la balistiki, lile linalorushwa juu sana kisha likashuka kwa kasi kubwa, linapokuja, mara nyingi hufyatuliwa mawili ya kujikinga ili moja likikosa lingine lipate. Upande wa pili, mwaka 2025 kulikuwa na miezi ambayo Urusi ilirusha droni zaidi ya 5,000 kuelekea Ukraine. Ndiyo maana Waukraine wenyewe hawapendi kutumia Patriot kwa Shahed wakiweza kuepuka. Wanazipiga kwa bunduki za rasharasha zilizofungwa kwenye magari, na siku hizi kwa droni ndogo za dola elfu chache zinazozifukuzia angani. Patriot wanaitunza kwa makombora ya balistiki. Hilo liandike kwenye jedwali lako, maana wengi hulisahau.

Utasema basi watengeneze zaidi, fedha si wanazo? Twende kwenye kitu cha kale kabisa: kombora la mzinga la milimita 155. Halina kompyuta, ni chuma na baruti. Huko Scranton, Pennsylvania, katika majengo yaliyokuwa karakana ya treni za mvuke, vyuma hukatwa vipande, huchomwa hadi viwe vyekundu, kisha hukandamizwa mpaka vipate umbo la chupa. Maganda hayo husafirishwa hadi Iowa kujazwa vilipuzi vilivyoyeyushwa, yanaachwa yapoe polepole, kisha yanapigwa eksirei kuona kama kuna viputo vya hewa ndani, kwa sababu kiputo kinaweza kulipua kombora likiwa bado ndani ya mtutu.

Kabla ya vita vya Ukraine, Marekani ilikuwa ikitoa makombora hayo kama 14,000 kwa mwezi. Mapigano yalipopamba moto, kiasi hicho hakikutosha hata kwa siku chache za ufyatuaji wa Warusi. Bunge likamwaga mabilioni, lengo likawa 100,000 kwa mwezi ifikapo mwisho wa 2025. Katika mwaka huo wenyewe walikuwa bado kwenye 40,000 hivi. Umoja wa Ulaya nao uliahidi Machi 2023 kuipa Ukraine makombora ya mizinga milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipokwisha, yaliyofika yalikuwa kama nusu.

Ukifuatilia nini kilikwama, unakuta vitu vya ajabu. Marekani iliacha kutengeneza TNT, kilipuzi kinachojazwa kwenye makombora, mwaka 1986, ikawa inanunua nje, hasa Poland. Mkataba wa kujenga kiwanda kipya, huko Kentucky, ulisainiwa Novemba 2024. Kombora la Stinger, lile la kutungulia ndege linalofyatuliwa begani, lilikuwa limekaa miaka mingi bila oda ya maana, na vipuri vyake vya kielektroniki havipo tena sokoni. Raytheon, kampuni inayoliunda, ikabidi iwaite wahandisi wake wastaafu, wengine wazee wa miaka sabini na kitu, waje kuwafundisha vijana jinsi lilivyokuwa likiundwa. Hapo ndipo utaona mabilioni yanavyogota ukutani. Fedha hupitishwa kwa kura ya siku moja, lakini fundi hapatikani kwa kura.

Wala simlaumu sana mwenye kiwanda. Serikali huagiza wakati wa hofu na kukata oda wakati wa amani. Nani ataweka mitambo na wafanyakazi wakae bure miaka ishirini akisubiri vita? Ninaowalaumu ni waliokuwa wakisaini bajeti wakanunua ndege za kung'aa kwa ajili ya magwaride, risasi wakaziweka mwisho wa orodha. Na si jambo jipya. Mwaka 1915 Uingereza iliishiwa makombora ya mizinga, magazeti yakapiga kelele, serikali ikabidi iundwe upya, na Lloyd George akapewa wizara mpya ya silaha.

Kuhusu bili yenyewe, sitakuchosha. Kwa takwimu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia matumizi ya kijeshi, dunia ilitumia kwa majeshi dola bilioni 2,718 mwaka 2024. Ila jedwali lako limesahau mkia. Dhamana za mkopo wa Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilimaliza kuzilipa mwaka 2015. Marekani ilikuwa bado ikimlipa binti wa askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, pensheni ya dola 73.13 kwa mwezi, hadi bibi huyo alipofariki mwaka 2020.

Umenitajia pia leza, ile DragonFire ya Waingereza inayosemwa kugharimu pauni 10 kwa pigo moja. Inavutia, sikatai. Lakini pauni 10 ni gharama ya umeme, si ya mtambo. Tena leza hushughulikia shabaha moja moja, na ukungu na mvua huidhoofisha. Usiiweke kwenye safu moja na makombora, itakupotosha wastani.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi mwalimu wako, ongeza safu mbili: idadi inayotoka kiwandani kwa mwaka, na miezi ya kusubiri tangu mkataba kusainiwa mpaka mzigo kufika. Hiyo ya pili itakusumbua kuipata, kwa sababu matangazo ya serikali hutaja mabilioni kwa herufi kubwa na tarehe ya kupokea mzigo kwa ndogo. Ukikwama nitumie, tuitafute pamoja Jumapili.

Mama yako