Marciano na raundi tatu zilizoondolewa

Ndugu Mhariri,

Tangu ngumi ziliporuhusiwa tena hapa Zanzibar mwaka 2022, barazani kwetu Michenzani ubishi hauishi kuhusu Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa uzito wa juu aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49. Wengi hudai kuwa leo angepigwa kwa sababu ya umbo lake dogo, na ni kweli kwamba bondia wa takriban kilo 85 angepata taabu kumfikia Tyson Fury, bondia Mwingereza wa uzito wa juu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Hata hivyo, naomba kanuni zitazamwe kabla ya mizani.

Septemba 1952, mjini Philadelphia, Marciano aliangushwa na Jersey Joe Walcott, bingwa wa wakati huo, katika raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu, kisha katika raundi ya 13 akamlaza kwa ngumi moja fupi ya kulia, Walcott akaporomoka mkono ukiwa umenasa kwenye kamba. Pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Leo ni 12, mabadiliko yaliyoanza baada ya kifo cha bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyefariki kwa majeraha ya ulingoni mwaka 1982. Kwa kanuni za sasa, taji lile lingebaki kwa Walcott.

Mimi leo ningempanga Marciano katika uzito wa kruza, usiozidi kilo 91, na huko sioni wa kumshinda kirahisi.

Msomaji wenu,
Michenzani, Unguja