Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya usafiri: ile karatasi iko wapi?

Mheshimiwa mwenye dhamana ya usafiri wa barabarani, Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Natumai barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba zile siku tatu za wiki iliyopita, tulipozima gari zetu za abiria Pemba kudai karatasi uliyotuahidi ya kanuni za kampeni ya usalama barabarani, wewe hukupata taabu ya kufika kazini.

Mimi ni dereva wa gari ya abiria ya shamba, baina ya Konde na Chake Chake. Nilianza utingo mwaka 1999, usukani nikaushika 2006. Nilikuwa sina nia ya kuandika. Mgomo umekwisha, tumerudi barabarani, watu wanasema tuyaache. Lakini mama yangu hajasema nami vizuri mpaka leo.

Siku ya pili ya mgomo alikuwa na kliniki ya presha Chake. Ana miaka 71. Gari ilikuwa uani chini ya mfenesi, ina nusu tangi, na mimi mwanawe nimekaa barazani natazamana nayo. Nisingeweza kuitoa. Wenzangu walikuwa njia panda, na ni mimi mwenyewe niliyesema kikaoni kuwa atakayepakia abiria si mwenzetu tena. Basi mama akaenda kwa bodaboda. Alijitanda kanga, pindo akalibana kwa meno, akakaa upande kama wanawake walivyokuwa wakipakiwa kwenye baiskeli zamani. Kofia hakuvaa, ilikuwa moja na kijana aliivaa mwenyewe. Wakapita vizuizi viwili vya trafiki, kwenda na kurudi. Hakuna aliyewanyooshea mkono.

Alirudi alasiri, presha iko juu kuliko alivyoondoka nayo. Alichoniambia sikiandiki hapa.

Hongera basi, Mheshimiwa. Kampeni ya usalama imemtoa bibi kizee kwenye benchi na kumpandisha pikipiki.

Tafadhali usije ukasema huyu dereva hapendi usalama. Sisi watu wa Pemba hatuna haja ya kufundishwa maana ya kujaza watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliondoka Unguja kuja kwetu, meli ya watu mia sita na ushei, imepakia zaidi ya elfu mbili, ikazama njiani. Shemeji yangu alikuwemo. Maiti yake hatukuiona. Tulimsalia hivyo hivyo. Tangu mwaka ule, utingo akinambia "songeza, bado wawili", nafsi yangu husita. Mara nyengine huwashusha. Mara nyengine, nasema kweli, huwapakia, kwa sababu ni saa kumi na mbili za jioni na nyuma yangu hakuna gari nyengine inayokuja.

Ugomvi wetu uko kwenye neno moja: "mmeambiwa". Kila tukisimamishwa, "mmeshaambiwa." Nani katuambia? Mara ya kwanza ilipita Konde gari yenye spika, upepo ukachukua nusu ya maneno. Mara ya pili ulikuja ujumbe wa sauti kwenye simu ya utingo wangu, aliyesema hakujitaja jina. Kwa hivyo najua mzigo juu ya keria umekatazwa, ila kama ni wote au ule uliozidi kimo, kila mtu ana lake. Najua kuna habari ya mikanda. Gari yangu ina mabenchi mawili ya mbao, abiria wanakaa kwa kutazamana, magoti kwa magoti. Huo mkanda niufunge kwenye nini, kwenye miti ya paa?

Na idadi. Mwezi uliopita, safari moja, asubuhi moja: kizuizi cha kwanza nimeambiwa ruhusa yangu ni watu 18, nikahesabiwa, nikapita. Kizuizi cha pili nikaambiwa ni 16, nikaandikiwa faini ya 30,000. Watu ni wale wale, hata mtoto hakuzaliwa njiani. Nikauliza hiyo 16 imeandikwa wapi. Nikaambiwa nikaulize ofisini. Nikaenda ofisini, nikaambiwa nimuulize aliyenikamata.

Siku ile nilipompelekea tajiri mwenye gari hesabu yake ya 35,000 na kumtoa utingo chake, nilirudi nyumbani na shilingi 4,000. Nilinunua mkate na sukari. Mafuta bei yake hutangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, kila mwezi, inaandikwa, mtu anaisoma, ikipanda anajua imepanda. Faini yangu mimi haina tangazo. Kuna wanaosema vituoni kwamba hii ni njia ya kutuchosha ili njia zetu wapewe wenye mabasi. Mimi nadhani ni uvivu tu wa mtu fulani na mashine ya chapa. Lakini ukimya wako ndio unaowapa maneno.

Hiyo ya mzigo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu aliyeitoa amri hiyo, kama ipo, hajapata kumpakia mama wa Micheweni. Yule mama hana mzigo na safari mbali mbali. Magunia mawili ya mwani mkavu ndiyo safari yenyewe. Nikimwambia wewe panda, magunia yabaki, ananitazama kama mwendawazimu, na ana haki. Ndizi ni hivyo hivyo. Atafute gari ya pili ya mizigo, alipe nauli mara mbili, auze mwani ule ule? Labda jibu lipo. Labda imeandikwa kuwa magunia mawili yanaruhusiwa. Tuonesheni tulione.

Binti yangu yuko skuli, kidato cha nne. Alinitafutia kwenye simu Sheria ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya 2003, akaipata ya Kiingereza. Tulikaa nayo usiku mzima, yeye anatafsiri, mimi nauliza "na keria?" Akalala nayo kifuani. Mtoto ana mitihani yake, Mheshimiwa, si kazi yake hii.

Ni kazi yako. Tena uliahidi. Ramadhani ulitukusanya, tukafuturu pamoja, ukatwambia kwamba baada ya Idi kila kituo kitabandikwa karatasi ya Kiswahili: watu wangapi kwa gari ya aina gani, mzigo gani, faini kiasi gani. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, najijua. Kosa letu hatukuuliza Idi ipi. Ndogo imepita, kubwa imepita, tumechinja na ngozi zimekauka. Ndipo tukagoma. Siku ya tatu akaja mtu kutusihi turudi, karatasi iko njiani. Tukarudi. Leo ni siku ya tisa. Kutoka Unguja hata jahazi ingekuwa imeshafika.

Tulipoanza mgomo tulikuwa na madai saba, yameandikwa kwenye daftari. Mikanda, keria, vizuizi kupunguzwa, sijui nini na nini. Mengine nimeshayasahau na mengine, nikisema kweli, yalikuwa ya hasira. Mimi nimebaki na moja. Karatasi. Hata ikisema watu 16, nitapakia 16, na huyo wa kumi na saba nitamwonesha kwa kidole asome mwenyewe. Na trafiki naye asome.

Ukuta wa kituo cha Konde una nafasi, upande wa kulia wa muuza kahawa, palipokuwa na picha ya mgombea. Picha imeshabanduka na mvua.

Gundi nitanunua mimi.

Wako,
Dereva wa gari ya Konde
Pemba