Kwa nini Subaru yako tunaipima kwa tepu kabla ya kukuuzia tairi

Jumamosi iliyopita kaka mmoja alituita wezi mbele ya wateja. Tairi lililopasuka ni moja, sisi tukamtajia manne. Kila mwezi hakosi mtu wa namna hiyo, na karibu wote wana Forester au Impreza. Mwenye Toyota IST ya kuvuta mbele hatugombani naye: achukue mawili aende zake.

Subaru karibu zote zinavuta magurudumu yote manne. Tairi jipya la 215/60R16 lina kashata, yaani kina cha meno ya tairi, ya milimita 8 hivi. Funga mawili mapya mbele, nyuma ubakize yenye milimita 3, kwa macho huoni kitu. Lakini lizungushie tepu ya fundi cherehani: jipya limezidi sentimita 3. Subaru wenyewe wanataka tofauti hiyo ya tepu isipite robo inchi, kama milimita 6. Yale yaliyoisha yanaongeza mizunguko saba kila kilomita; kutoka hapa Dar mpaka Morogoro ni zaidi ya mizunguko 1,300. Kwenye gari ya otomatiki, mzigo huo unabebwa na klachi iliyo mkiani mwa gia boksi, inasagika safari nzima.

Halafu hiyo ya mawili mbele ndiyo watu wanaipenda, eti mbele ndiko kwenye usukani. Likiwa moja tu, difu, zile gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi la kushoto na la kulia, hugawana nalo kidogo. Yakiwa mawili, tofauti yote inaenda katikati, kwenye ile klachi.

Mwaka jana mwalimu mmoja alikuja analalamikia breki. Akikata kona kuegesha, gari inagoma, inaruka-ruka kama hendibreki imevutwa. Tukachomoa kijiti cha oili ya gia boksi: nyeusi, inanuka kuungua. Breki zilikuwa nzima. Mapya mawili alifungiwa kwingine, miezi michache nyuma. Tulipomtajia hela ya klachi, oili na ufundi, alikaa juu ya tairi bovu pale nje, kimya. Angenunua manne na chenji ikabaki.

Si kila mara tunasema manne. Tofauti ikiwa haifiki milimita moja ya kashata, tunakuuzia moja. Ikizidi, tunatafuta kwanza mtumba wa chapa ileile, ulioisha sawa na yako, na tunasoma zile namba nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa ubavuni. Mpira uliozeeka hatufungi. Tukikosa ndipo tunataja manne, na yako matatu tunayanunua, maana kesho yatamfaa mwingine.

Bei yetu ya kufunga imezidi ya barabarani, hatukatai. Humo mna balansi, kupima yote manne, na vipimo vyako kubaki kwenye daftari letu.

Yule kaka aliondoka bila kupimiwa. Akirudi, au ukija wewe, lile lililopasuka usimwachie fundi pancha. Njoo nalo, tulitafutie pacha.